Kina John: wa kwanza, wa mwisho na wale wa katikati

Siku ya gulio Mwimbi, simama karibu na mashine ya kusaga upaze sauti: "John!" Watageuka wanaume nusu dazeni, na akina mama wawili watatu pia, maana Mama John naye huitikia jina la mwanawe. Ndiyo sababu kwetu jina hilo haliachwi litembee peke yake. Kuna John wa bodaboda, John fundi cherehani, John Mrefu, na mpwa wake ambaye siku hizi amempita kimo lakini bado anaitwa John Mdogo.

Huku Ufipa jina lilikuja na misheni. Mapadre Weupe walikabidhiwa kituo cha Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na baadaye wakaukwea uwanda wetu parokia kwa parokia, mpaka Mwazye hapo jirani. Kila aliyebatizwa alihitaji mtakatifu wa kumsimamia, na akina Yohane wa mbinguni hawana idadi: Mbatizaji, Mwinjili, Bosco, Vianney, wa Msalaba. Padre aliyekosa wazo hakukosa Yohane.

Sasa jina likishabebwa na watu wengi kiasi hicho, lazima wengine wafike kileleni na wengine waishie mkiani. Nimewakusanya hapa kina John ambao Afrika Mashariki ina sababu ya kuwakumbuka, kila mmoja na rekodi yake. Sharti ni moja tu: jina liwe la kwake hasa. Rekodi nyingine zimepimwa kwa saa na kwa mita. Nyingine nimezitoa mwenyewe, na asiyekubaliana nami aje gulioni tubishane.

Tuanze na wa nyumbani. Kutoka Mwimbi ukapita Matai, ukateremka hadi kijiji cha Kapozwa, utafika kwenye maporomoko ya Kalambo. Mto unaotutenganisha na Zambia unajitupa bondeni zaidi ya mita 220 kwa mkupuo mmoja, na kwa maporomoko ya namna hiyo, yasiyokatika njiani, Kalambo hutajwa kuwa ya pili Afrika, nyuma ya Tugela ya Afrika Kusini. Mgeni hufika, miguu ikamlegea kidogo ukingoni, akapiga picha, akarudi alikotoka. John Desmond Clark alipofika mwaka 1953 aliyageuzia maporomoko mgongo. Alichokitaka kilikuwa juu yake, kwenye bonde dogo ambako mto hutulia kabla ya kuanguka.

Clark alizaliwa London mwaka 1916, akasoma Cambridge, na mwaka 1938 akapata kazi ya kutunza jumba la makumbusho katika mji wa Livingstone, Rhodesia ya Kaskazini ya wakati huo. Vita Kuu ya Pili ilipompeleka Ethiopia na Somalia kama askari, wenzake walipumzika, yeye akaokota zana za mawe. Mtu wa aina hiyo ndiye aliyeona kuwa bonde la juu ya Kalambo limejazwa tope na mchanga tabaka juu ya tabaka, na kwamba matabaka ya chini hayajawahi kukauka. Mti ukifukiwa kwenye udongo uliolowa maji hivyo, hewa haiufikii, nao hauozi upesi. Alichimba katika miaka ya 1950 na tena miaka ya 1960. Akatoa mashoka ya mawe, mkaa, na vipande vya miti vilivyoonekana kama vimepitiwa na mkono wa mtu. Alivitilia shaka mwenyewe, kwa sababu maji nayo huchonga.

Kitabu chake kuhusu Kalambo kilitoka kwa majuzuu matatu: la kwanza mwaka 1969, la pili 1974, la tatu 2001. Wakati huo alikuwa ameshahamia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley tangu 1961, akafundisha, akastaafu. Alifariki Februari 2002. Tangu siku alipoliona bonde lile hadi juzuu la mwisho ilikuwa miaka 48, na kwa hesabu hiyo nampa rekodi ya uvumilivu bila kusita. Nchi mbili zilipata uhuru kandokando ya shimo lake, yeye akiwa bado anaandika.

Rekodi yenyewe kubwa ilikuja baada yake. Mwaka 2019 kikundi kilichoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool kilirudi kuchimba pale pale. Kwenye mchanga uliolowa yakaonekana magogo mawili yamelaliana kwa kukingamana, la juu limechongwa mfuo upande wa chini ili likae juu ya lenzake lisiteleze. Fundi seremala yeyote wa Mwimbi angeinama, akatia kidole kwenye ule mfuo, akajua maana yake. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023: magogo hayo yana umri usiopungua miaka 476,000. Binadamu wa aina yetu ana miaka kama 300,000 tu, kwa hiyo aliyeyaunganisha alikuwa kiumbe mwingine aliyetutangulia. Hakuna muundo wa mbao unaojulikana duniani uliotengenezwa mapema kuliko huo. Clark asingeweza kuupima, kwani kipimo cha kaboni alichokuwa nacho huishiwa nguvu kwenye miaka elfu hamsini hivi. Kipimo kipya hakigusi mti. Huuliza chembe za mchanga zilizouzunguka lini zilionana na jua kwa mara ya mwisho.

Ndiyo, najua, magogo yalikuwa upande wa Zambia. Ule mto hauna upana wa kutuzuia kujisifu.

Karne moja kabla ya Clark, John mwingine alifika ziwani na kuweka rekodi isiyo na mpinzani. John Hanning Speke alifika Ziwa Tanganyika Februari 1858 pamoja na Richard Burton. Wakasimama mbele ya ziwa la maji baridi lililo refu kuliko yote duniani, karibu kilomita 673, na la pili kwa kina baada ya Baikal, lenye mita kama 1,470. Speke hakuliona. Macho yalikuwa yanaumwa kiasi kwamba mbele yake palikuwa na ukungu mtupu. Mwezi uliofuata, akiwa anavuka ziwa kutafuta jahazi la kukodi, mdudu alimwingia sikioni usiku. Alimimina siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia. Akachukua kisu kidogo akamchokoa, akamuua mdudu na kujijeruhi vibaya. Sikio likavimba na kutunga usaha, akawa kiziwi kwa upande huo kwa miezi, na mwenyewe ameandika kwamba kila alipopenga kamasi sikio lilipiga mluzi, walio karibu wakacheka. Agosti mwaka huo huo, akiwa peke yake, alifika kwenye ziwa jingine karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia wake na kutangaza kuwa Nile inatoka humo. Kwenye hilo alisema kweli. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya kusimama jukwaani na Burton wabishane juu ya chanzo cha Nile.

Tukirudi Ziwa Tanganyika, yuko John aliyepokonywa sifa nyingi zaidi kwa mpigo mmoja. John Lee alikuwa mwindaji wa wanyama wakubwa aliyeijua Afrika ya Kati kwa miguu. Aprili 1915 aliingia katika makao makuu ya jeshi la majini la Uingereza, London, na wazo ambalo mtu mwenye akili timamu angelifukuza mlangoni. Wajerumani wanatawala Ziwa Tanganyika, alisema, na Kigoma wanaunda meli kubwa kuliko zote. Basi tuchukue boti mbili za injini, tuzipeleke Cape Town kwa meli, tuzipandishe treni hadi Fungurume kule Kongo, na reli ikiisha tuziburure porini na juu ya milima hadi reli nyingine, kisha mto, kisha ziwa. Wakuu walikubali. Ila uongozi walimpa afisa wa ofisini, Geoffrey Spicer-Simson, mtu aliyezipa boti hizo majina ya Mimi na Toutou.

Lee alitangulia kutafuta njia. Pori likafyekwa, madaraja ya miti yakajengwa, na mamia ya Wakongo wakatumika kwa kazi ya shuruba. Boti zikafuata nyuma ya matrekta ya mvuke, na penye mlima mkali wakafungwa maksai. Kabla msafara haujafika ziwani, Lee alikuwa ameshaondolewa kwa tuhuma ambazo baadhi ya waandishi wa habari hizi bado hawaziamini. Tarehe 26 Desemba 1915 boti zake ziliiteka meli ya Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Sifa na nishani zikaenda kwa Spicer-Simson. Ile meli kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha Kigoma Julai 1916. Iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, na kwa miaka mingi mkulima wa kwetu aliyetaka kusafiri kwa maji alishuka hadi Kasanga, iliyokuwa Bismarckburg ya Wajerumani, akaipanda. Sijaona kibao chochote bandarini pale kinachomtaja Lee, wala sidhani kama angekitaka.

Siasa nayo ina kina John wake, na hapa nitakwenda mbio kidogo kwa sababu wamekwisha kuandikwa sana.

John Pombe Magufuli ndiye Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Muungano kufariki akiwa madarakani, tarehe 17 Machi 2021. Watu wengi wanakumbuka urais. Mimi navutiwa zaidi na njia aliyopita. Alifundisha kemia na hisabati Sengerema, akawa mkemia wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, akaingia bungeni 1995. Akiwa tayari ni waziri, mwaka 2009, akapata udaktari wa kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa utafiti juu ya mafuta ya maganda ya korosho, namna yanavyoweza kuzuia chuma kisishike kutu. Miaka tisa baadaye, Novemba 2018, aliwaamuru wanajeshi wakanunue na kusomba korosho za wakulima wa kusini. Sijui mkuu mwingine wa nchi aliyelijua ganda la zao kwa kiwango hicho kisha akalitumia jeshi kwa zao lenyewe. Wafipa tunamkumbuka kwa lami pia. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa fedha za Marekani, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika yeye akiwa Waziri wa Ujenzi. Kabla ya hapo, masika yakianza, mahindi yetu yalikuwa yanasubiri barabara ikauke ndipo yajue bei.

Jina la utani la Tingatinga, ambalo vijana wanadhani lilianza na Magufuli, lilikuwa na mwenyewe: John Samuel Malecela wa Dodoma. Aliiwakilisha Tanzania Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1960, akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na kuanzia Novemba 1990 hadi Desemba 1994 akawa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais kwa pamoja. Rekodi yake si ya vyeo. Ni kwamba Mwalimu Nyerere, aliyekwisha kustaafu, aliketi akaandika kitabu kizima, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania cha mwaka 1994, na sehemu nzuri ya kitabu hicho ni lawama kwa Malecela na Katibu Mkuu wa CCM, Horace Kolimba, juu ya hoja ya kuanzisha serikali ya Tanganyika. Kukemewa na Mwalimu kwa mdomo kumewapata wengi. Kukemewa kwa kitabu kunahitaji hadhi.

Aliyepanda cheo kwa kasi kuliko wote ni John Okello, mtu wa kabila la Lango, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa mwashi na mpiga rangi nyumba, akafika Pemba mwaka 1959 kutafuta kazi. Asubuhi ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964, Zanzibar iliisikia sauti yake redioni ikijitambulisha kama Fildi Mashali, cheo ambacho hakuna jeshi lililompa, na ikitoa vitisho vyenye tarakimu ambazo wazee wa Unguja hawapendi kuzirudia hadi leo. Machi hakuwa na nafasi tena visiwani. Aliandika kumbukumbu zake zikatoka Nairobi mwaka 1967, na mara ya mwisho alionekana akiwa na Idi Amin mwaka 1971. Baada ya hapo ni kimya.

John Garang ana rekodi fupi zaidi. Alipigana msituni miaka 21 kwa ajili ya Sudan Kusini, akiwa na shahada ya uzamivu ya uchumi kutoka Iowa, na kabla ya hapo alipita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam enzi za vijana wenye hamasa kama Museveni. Aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan tarehe 9 Julai 2005. Tarehe 30 Julai helikopta aliyopanda ikaanguka, akafariki. Mwaka mmoja wa vita kwa kila siku moja ya madaraka.

Kwa mabadiliko ya kazi, tuzo inakwenda Kenya. John Kiriamiti aliacha shule, akaingia kwenye wizi na mwishowe uporaji wa benki. Januari 1971 alihukumiwa miaka 20. Akiwa gerezani Naivasha aliandika habari za maisha yake, na My Life in Crime kilipotoka mwaka 1984, mwaka aliofunguliwa, kikanunuliwa kama maandazi ya asubuhi. Sina hakika kama wazazi walifurahi. Ila wavulana wa Kenya ambao hawakuwahi kumaliza kitabu chochote walikimaliza hicho.

Uwanjani yuko John Bocco, mfungaji aliyeanza kung'ara Azam, akawa nahodha wa Simba, akavuka mabao 100 ya Ligi Kuu na kuchukua kiatu cha ufungaji bora msimu wa 2011/12 na tena 2020/21. Huyu nampa rekodi ya ajabu kidogo: ana jina linaloshikwa na maelfu, na bado mashabiki wakaona halitoshi wakamwazimia la Adebayor, mshambuliaji wa Togo.

John Ngugi wa Nyahururu haazimi kitu. Askari huyu wa jeshi la Kenya alikuwa mwanamume wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano, 1986 hadi 1989 mfululizo, na tena 1992. Hakuwa mkimbiaji wa kupendeza machoni, mrefu, miguu kama inagombana. Fainali ya mita 5,000 ya Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988, wapinzani walimwona yuko nyuma wakatulia. Baada ya kilomita moja hivi akatoka mkiani, akawapita wote kwa mzunguko mmoja wa kasi ya wazimu, akafungua pengo ambalo hakuna aliyeliziba. Dakika 13 na sekunde 11 na nukta kadhaa, dhahabu. Mwaka 1993 akakataa kupimwa dawa na wapimaji waliomfuata nyumbani bila taarifa, akafungiwa, na ingawa adhabu ilifupishwa, mguu ulikuwa umeshapoa.

Nimemwacha mtu mmoja kwa makusudi. Ukiuliza dunia John wa Tanzania aliye maarufu kuliko wote katika michezo, itamtaja aliyekuwa wa mwisho. John Stephen Akhwari, mkulima kutoka Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye mji ulio mita 2,240 juu ya bahari. Walianza 75. Njiani aligongana na wenzake akaanguka, goti likateguka na bega likaumia vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26, akavishwa nishani, watazamaji wakaanza kwenda zao. Saa moja na zaidi baadaye, giza limeingia, Akhwari akaingia uwanjani anachechemea, bandeji imezunguka mguu na nyingine inaburuzika, akakamilisha mzunguko. Wa 57 kati ya 57 waliomaliza, saa 3:25:27. Walipomuuliza kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio tu.

Jibu hilo limemeza kila kitu kingine alichofanya. Linachapishwa kwenye mabango, linasomwa kwenye mahafali, na watu wanaondoka wakidhani Akhwari alikuwa mtu mwenye moyo mkubwa na miguu ya kawaida. Basi wape tarakimu hii. Julai 1970, Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola, goti likiwa limepona, mkulima yule yule alimaliza marathoni kwa saa 2:15:05. Alikuwa wa tano.